Mama Pasi na shati lililokuwa juu ya nguzo

Saa tatu asubuhi kivuli cha tangi la maji bado kimelala juu ya paneli ya kwanza, na Mama Pasi hana haraka. Amesimama mlangoni mwa duka lake la kufua na kupiga pasi, mkono kiunoni, macho kwenye paa, kama mtu anayemsubiri mgeni aliyesema yuko njiani.

"Bado," anasema, na kurudi ndani.

Mezani kuna marundo matatu ya nguo. Rundo la kulia ni la vitu vyepesi: vitambaa vya kichwa, blauzi, leso. La katikati ni mashati na sare. La kushoto, lililo refu kuliko yote, ni jinzi, mashuka na makoti. Anaanza na la kulia, kwa pasi moja iliyowekwa moto mdogo. Kivuli kikishaondoka juu ya paneli atahamia katikati, na jua likikaa utosini atawasha pasi ya pili na kumwita mume wake aje washambulie jinzi.

"Jua la asubuhi ni la hariri," anafundisha huku akipuliza chembe ya vumbi kwenye kitambaa. "Jua la saa sita ni la jinzi. Ukiyachanganya, usimlaumu mtu."

Ana miaka hamsini na mitatu, na jina la Mama Pasi amelibeba kwa zaidi ya nusu ya umri huo. Alianza kuitwa hivyo na mume wake, fundi mwashi ambaye sasa amestaafu mawe na kuajiriwa na mkewe. "Ilikuwa utani," anasema mzee huyo kutoka kwenye beseni la kufulia. "Siku moja nikamwita, akaitika. Basi, mambo yakaishia hapo."

Juu ya bati kuna paneli nane za sola. Nyaya zake zinashuka ukutani hadi kwenye kisanduku cheupe kando ya kioo, kinachoitwa inveta, na hapo umeme wa jua unakutana na umeme unaotoka kwenye nguzo za mtaani. Jua likiwa kali na pasi zikiwa zimepumzika, umeme wa ziada unatoka nje, unapita kwenye nguzo na kwenda kuwasha friji za majirani. Kukiwa na mawingu au giza, Mama Pasi ananunua wa nguzo kama wengine. Mita ya njia mbili inahesabu unaotoka na unaoingia.

Betri hana. "Ya nini?" anauliza. "Betri ndiyo iliyokuwa inafanya sola iwe ya matajiri. Mimi ghala langu ni hiyo nguzo hapo nje. Ninaweka, ninachukua."

Kupiga pasi alifundishwa na mama yake mzazi, kwa pasi ya mkaa. Pasi yenyewe ipo hadi leo, imekaa juu ya rafu pamoja na maua ya plastiki, nzito kama deni. Kwenye mkono wake wa kushoto kuna kovu refu ambalo anasema ndilo cheti chake cha kumaliza mafunzo. Baadaye akanunua pasi ya umeme, akapata wateja, akapata mlango huu unaotazama barabara, kisha akapata bili.

Bili ndiyo iliyokuwa ikimkondesha. Katika kila noti kumi alizoingiza, nne zilikwenda kulipia umeme. Akipandisha bei wateja wanapiga pasi kwao. Akiacha bei ilivyo, anafanyia kazi mita. Kuna mwaka alikaribia kufunga duka na kwenda kuuza mitumba.

Aliyemwokoa ni binti yake wa kwanza, muuzaji katika duka la vifaa vya ujenzi. Binti ndiye aliyeona jinsi bei ya paneli ilivyokuwa ikishuka kila shehena mpya ilipofika, hadi akaanza kuwa na wasiwasi kwamba kuna kosa kwenye risiti.

"Nilimwambia mama, paneli ambazo miaka kumi nyuma zingekula bei ya kujenga vyumba viwili, sasa ni bei ya pikipiki iliyotumika," anasema. "Na mama mchana kutwa yuko kwenye pasi, jua liko juu yake bure. Nikasema, huyu na jua wamechelewa kuoana."

Chama cha akiba na mikopo kikamkopesha. Mume aliridhia shingo upande, kwa sababu alihofia paa lake litavuja. Siku ya kufunga paneli alipanda ngazi na kukagua kila tundu la msumari mpaka mfungaji akamwomba ashuke.

Mwezi wa kwanza Mama Pasi alifanya jambo ambalo familia nzima bado inalicheka. Aliposikia kwamba umeme wa ziada unanunuliwa, aliutunza kama mayai. Mchana kutwa pasi zilikaa baridi ili umeme wote uende kwenye nguzo. Jioni ndipo alipoziwasha na kupiga nguo zote. Bili ilipokuja, ilikuwa karibu ileile, ila yeye alikuwa amechoka zaidi.

"Nilicheka mpaka nikakaa chini," anakumbuka binti. "Mama yangu, mfanyabiashara mzoefu, alikuwa anauza kwa bei ya jumla halafu jioni anakwenda kununua kitu kilekile kwa rejareja!"

Hapo ndipo marundo matatu yalipozaliwa. Tangu alipoanza kufuata jua, zile noti nne zimekuwa moja, na kwa kuwa duka halifunguliwi mwisho wa wiki, siku hizo paneli zinamfanyia kazi zikiwa peke yao. Mtaa ukaona. Kinyozi wa mlango wa pili, mwenye kinu cha nafaka na mwoka mikate wa pembeni wakakubaliana kununua paneli kwa pamoja ili wapunguziwe bei. Walikuwa wamebakiza kutia saini.

Ndipo umeme ukakatika.

Ilikuwa asubuhi ya jua kali, lisilo na hata wingu la kusingizia. Mama Pasi alikuwa kwenye rundo la katikati. Alikuwa amepata kazi ya majaribio kutoka zahanati ya mtaani: sare zote za wauguzi, zifuliwe, zipigwe pasi, zichukuliwe saa tisa alasiri. Akifanikiwa, kazi ingekuwa yake kila wiki, na ndiyo aliyoitegemea kurejesha mkopo wa paneli. Ghafla taa ya pasi ikazima. Akatazama inveta. Nayo ilikuwa imezima.

"Sikuelewa," anasema. "Nikatoka nje nikatazama juu. Jua lipo! Paneli zipo! Nikarudi nikaipiga inveta kofi dogo, kama redio."

Kinyozi, ambaye mashine yake pia ilikuwa imelala na mteja amenyolewa upande mmoja, alitoa kichwa dirishani. "Mama Pasi! Jua liko kazini, mbona wewe umefunga?" Watu wakavunjika mbavu. Mwenye kinu akajibu kutoka ng'ambo ya barabara kwamba yeye na sola basi tena. Bora jenereta lake linalokohoa, angalau likikohoa linasaga. Mwoka mikate alitikisa kichwa tu, na Mama Pasi anasema hicho ndicho kilichomuuma zaidi.

Binti akampigia simu mfungaji wa paneli. Jibu lilikuwa fupi: umeme wa nguzo ukikatika, inveta inajizima yenyewe, ni usalama, subirini. Mama Pasi anakiri kwamba mfungaji alikuwa amelieleza hilo tangu siku ya kwanza. "Aliniambia. Lakini siku ile nilikuwa namwangalia mume wangu asianguke kwenye paa. Na hilo neno usalama, we unalijua. Kila mtu asiyetaka kukusaidia anakwambia ni kwa usalama wako."

Akatokea mtu mwenye dawa. Mtaani anaitwa Fundi Mkato, na yeye mwenyewe jina hilo halikatai, kwa kuwa kila kazi anaijulia njia ya mkato. Alikuja akisukuma jenereta dogo kwenye toroli.

"Mama, hiyo inveta inasubiri kuonja umeme ndipo iamke," alimweleza. "Sasa sisi tutaionjesha wa jenereta. Nachomeka hapa kwenye soketi, inadanganyika, inaleta jua lote ndani. Dakika tu."

Mama Pasi akakubali. Saa zilikuwa zinakwenda na nusu ya sare zilikuwa bado zimekunjamana kwenye kapu. Mume wake akamsaidia Fundi Mkato kushusha jenereta. Mama Pasi akatoka nje kumtazamia mjumbe wa zahanati, amwombe asije kabla ya wakati.

Kwenye nguzo ya kona, mita chache kutoka dukani, kulikuwa na mtu. Alikuwa amejifunga mkanda kiunoni, amewapa mgongo walio chini, na mikono yake yote miwili ilikuwa kwenye nyaya.

Uso wake haukuonekana. Kilichoonekana ni shati la buluu, na mgongoni kiraka cha mraba cha buluu iliyokolea zaidi, kilichoshonwa kwa mshono wa kupindapinda.

"Kile kiraka nilikishona mimi," anasema Mama Pasi, na hapa anaiweka pasi chini. "Shati lilichanwa na ndoano, akaniletea na aibu, eti mama, samahani, huwezi kunisaidia na hapa? Nilikuwa nimelipiga pasi juzi yake. Nililijua shati kabla sijamjua mtu."

Ni la fundi wa laini wa kampuni ya umeme, kijana mrefu ambaye mtaa unamwita Nguzo. Kila wiki huleta sare zake mbili, hulipa, huamkia, huondoka. Hawakuwa na mazoea zaidi ya hayo.

Anasema miguu ilimgeuza yenyewe. Ndani alimkuta Fundi Mkato ameinama, kamba ya kuwashia jenereta iko mkononi, waya umeshachomekwa kwenye soketi.

"Ngoja. Ukiwasha hiyo, umeme unaishia wapi?"

"Humuhumu dukani, mama."

"Na ule waya unaotoka kwenda nguzoni?"

"Si umeme umekatika huko?"

"Huko umekatika, ndiyo. Wako ndio ninaouliza. Utajuaje kwamba hautatoka?"

Fundi Mkato akajikuna kichwa. "Kidogo unaweza kutoka."

"Kidogo kiasi gani?"

Mama Pasi akaweka mguu juu ya jenereta, akachomoa waya kwa mkono wake, akamwambia mume wake alitoe hilo dude nje. Mume akaanza kusema habari za zahanati. "Akaniangalia jicho moja tu," anasimulia mzee. "Tumeoana miaka thelathini. Nikalibeba."

Zikabaki sare. Mama Pasi akanyanyua macho kwenye rafu, akayaondoa maua ya plastiki, akaishusha pasi ya mama yake. Mume akatumwa mkaa. Mtaa ambao asubuhi ulicheka, sasa ulikuja kushika mbavu mlangoni kabisa: paneli nane juu ya paa, na chini mwenye paneli anapuliza mkaa, moshi unamtoa machozi. Kinyozi aliapa kwamba hajawahi kuona sola inayotoa moshi.

"Wacheke," anasema Mama Pasi. "Mimi kila baada ya shati moja nilikuwa natoka nje kuangalia kama yule bado anatikisika."

Sare zilifika zahanati zimechelewa, lakini hazikuwa na kunyanzi wala doa la jivu. Muuguzi mkuu alizinusa, akauliza mbona zinanuka jikoni, kisha akampa kazi. Mpaka leo ni yake.

Alasiri hiyo umeme uliporudi, Nguzo alipita dukani kuuliza kama kila kitu kinawaka. Mama Pasi alimshika mkono akamsimulia yote. Kijana alisikiliza akiwa amesimama. Ilipofika habari ya kamba ya jenereta, akaketi kwenye benchi na kuomba maji ya kunywa.

Mwandishi alimkuta Nguzo kituoni kwake, akikagua mkanda wake wa kupandia. Ni mtu wa maneno machache, na haya aliyasema akitazama kifungio cha mkanda huo badala ya kumtazama mwandishi.

"Huwa tunapima waya kabla ya kuushika. Siku ile nilipima, ulikuwa mfu. Lakini kipimo kinakwambia habari za saa ileile. Mtu akiwasha kitu chake dakika mbili baadaye, kipimo hakina taarifa, na mimi sina taarifa. Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi minane."

Anakubali pia jambo jingine. Miongoni mwa mafundi wa laini, mapaa ya sola hayakupendwa. Kila paneli mpya waliiona kama mtego mwingine mtaani, na maombi ya mita za njia mbili yalipofika mezani kwao, hakuna aliyekimbilia kwenda kuzifunga.

"Mimi mwenyewe nilikuwa nasema hizi sola zitatuua. Kumbe ile inveta ya mama ilikuwa imeshanilinda tangu umeme ulipokatika. Haikuzima kwa uvivu. Iliona laini imekufa, ikajua huenda kuna mtu juu. Hatari ilikuwa ni ile njia ya mkato. Na kilichoizuia ni mama aliyelitambua shati."

Siku yake ya mapumziko Nguzo alivaa shati lile lile, akaanza na kinyozi. Akaenda kwa mwenye kinu, kisha kwa mwoka mikate. Hakuwa muuzaji wa kitu chochote. Aliwageuzia mgongo wakaone kiraka, akawaeleza kwa nini inveta nzuri inazima, na kwa nini yeye, anayepanda nguzo zao, anaomba wafunge hizo zilizokaguliwa na si za vichochoroni.

"Mwenye sola akikusifia sola, unasema anataka mwenzake wa kuchekwa naye," anasema mwenye kinu, akipaza sauti ili ashinde kinu chake. "Lakini mtu wa kampuni ya umeme? Huyo alikuwa adui wa sola! Akikwambia funga, unafunga."

Walinunua kwa pamoja, wakapunguziwa. Chama cha akiba kilipoona marejesho ya Mama Pasi yanaingia bila kusukumwa, kikafungua mkopo wa paneli kwa wanachama wote. Mita za njia mbili, ambazo zamani zilisubiriwa hadi mtu akasahau aliomba nini, sasa zinafungwa ndani ya wiki chache, na mara nyingi anayezifunga ni Nguzo. Leo ukisimama kwenye ngazi ya mwashi wetu mstaafu unahesabu mapaa kumi na moja yenye paneli. Kinyozi bado anatania, ila sasa anatania na bili yake ikiwa mfukoni.

Hata Fundi Mkato hakutupwa. Mgala muue na haki yake mpe: alipoulizwa swali, hakudanganya. Siku hizi anavuta nyaya chini ya mfungaji mwenye leseni, na wenzake wanasema hawashi kitu kabla ya kuuliza kwa sauti, umeme huu unaishia wapi?

Ukimuuliza Mama Pasi anamshukuru nani, jiandae kukaa. Anamshukuru binti yake kwa kuamini risiti. Anamshukuru mume wake kwa kulibeba jenereta bila kubishana zaidi. Anaushukuru mkaa. Anamshukuru marehemu mama yake kwa kutoiuza ile pasi. Na kila umeme unapokatika na kisanduku cheupe kikizima, anakigusa kidogo na kusema asante.

"Wananiona nimechanganyikiwa, nazungumza na ukuta," anacheka. "Lakini kile kitu kina huruma kuliko mimi. Mimi nilikuwa tayari nimeshakubali. Chenyewe kilikataa."

Saa sita na nusu, jinzi zikiwa zimepamba moto, taa za pasi zinazima. Mume anasonya. Mama Pasi anaweka pasi kando, anaigusa inveta, anatoka mlangoni na kutazama nguzo moja baada ya nyingine, ya kona, ya kwa kinyozi, ya mbali kule. Hakuna mtu. Anachukua simu.

"Mwanangu, uko wapi?"

"Shikamoo mama. Niko njiani, ni ile laini ya juu. Nitakuwa kwenye kona hapo baada ya muda kidogo."

"Marahaba. Mtoto hajambo?"

"Hajambo, anatambaa. Amevuta waya wa redio jana."

"Mwambie aulize kwanza unaishia wapi," anasema, na wote wawili wanacheka.

Anakata simu na kuketi kwenye benchi, mikono mapajani. Sasa anakiri kwamba anapanga kununua betri, ile ile aliyoidharau asubuhi, moja tu, ya kutosha pasi moja. Itakuja na swichi maalumu inayolitenga duka na nguzo kabisa kabla ya kuwasha chochote, na Nguzo ameahidi kuikagua mwenyewe kabla haijatumika. Fedha za zahanati anaziweka kidogo kidogo. Anategemea mwakani.

Kwenye rundo la katikati kuna shati la buluu lenye kiraka mgongoni. Analivuta, analikunjua magotini, anapitisha kidole kwenye mshono wake.

"Siku hiyo betri ikifungwa nitasubiri umeme ukatike," anasema. "Atakuwa kule juu amevaa lile jingine. Na mimi nitakuwa hapa ndani, pasi yangu ya moto, nalinyoosha hili, na waya alioushika kule juu ni wa baridi."